Ile video ya spika inayofukuza ndege shambani: acheni kuisambaza, ile sauti ni ya mama yangu

Wakuu, habari za mchana. Mlioko kazini mnajifanya mko bize kumbe mko humu, nawasalimu pia.

Leo sijaja kuchangamsha jukwaa. Nimekuja na hasira, na nitasema kweli tupu, hata ile inayonivua nguo mimi mwenyewe mbele yenu.

Wiki iliyopita kuna mtu kafungua uzi humu. Kaweka video fupi. Shamba la mpunga, mti umesimikwa katikati, juu ya mti kuna spika ya sola, na kwenye spika mwanamke anaimba kwa sauti kubwa, ndege wanaruka kundi zima. Kichwa cha uzi eti kilimo cha kisasa, vijana tujifunze.

Komenti zikamiminika. "Big up sana." "Huyu jamaa ni genius." Mmoja anauliza spika ni model gani. Mwingine kasema yeye keshaiweka ile sauti kuwa mlio wa simu yake, maana inamchekesha.

Inakuchekesha, siyo?

Ile video nimeipiga mimi. Ile spika nimeifunga mimi kwa mikono yangu hii. Na yule anayeimba ni mama yangu mzazi. Kaeni chini niwaambie hiyo teknolojia yenu mnayoisifia ilifanya nini.

Mimi ni fundi simu na redio, niko Kibiti, kibanda changu hakiko mbali na stendi. TV zilizokufa nazifufua, simu zilizoingia maji nazikausha, na bodaboda wanaleta memori kadi niwajazie nyimbo. Kwa hiyo msinione mshamba wa vifaa. Vifaa navijua. Ndiyo maana naumia zaidi.

Kwetu ni Salale, kule delta, mto unapoingia baharini. Ukitoka Kibiti unashuka mpaka Nyamisati, halafu boti. Mama yangu anaishi huko na hataki kusikia habari ya kuhama. Nimembembeleza miaka. Jibu lake ni moja tu: "Huko Kibiti nikae nikitazama nini? Vumbi?"

Sasa kwa msiojua mpunga wa kwetu. Mpunga ukishaanza kutia maziwa, ndege wanashuka. Si ndege wawili watatu, ni kundi linalotia giza. Ukizubaa siku moja umevuna majani. Kwa hiyo msimu huo kila mwenye shamba anahamia shambani, anakaa kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, unapanda kwa ngazi. Asubuhi mpaka jua linazama unapiga makopo, unarusha tope kwa kombeo, na unapiga kelele. Hiyo ndiyo kuamia ndege.

Na wanawake wa kwetu hawapigi kelele hivi hivi. Wanaimba.

Kila mmoja ana wimbo wake na mlio wake. Mmoja anaanza kwenye dungu lake, wa shamba la pili anadaka, wa tatu anamalizia. Humo humo ndani ya wimbo wanatukanana. Mama na jirani yake, Bi Somoe, ndio hatari kuliko wote. Ni marafiki toka wasichana, na wanataniana matusi ambayo mimi siwezi kuyaandika humu, mods watanipiga ban. Bi Somoe ataimba kuwa wali wa Mama hata kunguru kaukataa. Mama atamjibu kuwa afadhali wake, wa Somoe kunguru kaula na kafa. Mashamba yote yanacheka.

Na katikati ya matusi kuna kuitana. "Ukooo?" "Nipooo!"

Toka mdogo nasikia hiyo uko, nipo. Nikaona ni mbwembwe za kina mama tu.

Niwape na hii, mtaelewa mbele. Mama yangu hajawahi kupatana na vifaa. Nilipomaliza ufundi nikampelekea TV ndogo ya sola, nikajua nimemfurahisha. Mtangazaji wa habari akatoa salamu. Mama akaitika, "Waalaykum salaam baba, za huko kwenu?" Akasubiri jibu. Mtangazaji huyoo, kaenda zake kwenye habari za bungeni. Mama akakunja uso: "Huyu mtoto kalelewa wapi? Anasalimia watu halafu hataki kujibiwa."

Tulicheka mpaka machozi. Baada ya wiki mbili TV ikafunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake vikapangwa vikombe. Redio nayo hivyo hivyo. Anasema inasema sana, haisikii.

Tukamwona wa zamani. Haya.

Desturi ya kwetu, msimu wa kuamia ukifika, watoto mnakwenda kumpokea mzazi. Hata kama unafanya kazi wapi, unajipanga, wiki mbili tatu unakaa dunguni, mzee anapumzika. Mimi nipo peke yangu, dada zangu wameolewa mbali. Na mimi kila mwaka nilikuwa na sababu. Kibanda hakina mtu. Wateja wataniletea maneno. Kuna mechi. Ukweli? Sikutaka. Kule tope, mbu, mtandao unashika kwa kudra. Nishazoea kukaa kibandani na feni yangu na tamthilia yangu ya saa kumi.

Msimu wa mwaka jana Mama akanipigia, sauti imekauka. Akaniambia kifua kinambana, kupiga kelele kutwa hawezi tena, niende nimpokee japo siku kumi.

Mtoto mwenye akili angefunga kibanda akaenda. Mimi nikapata wazo.

Wallahi niliruka kwenye kiti kwa furaha, nikajiona nimegundua umeme.

Nikabeba spika ya sola ile kubwa, nikaenda Salale. Asubuhi nikamwambia Mama aimbe kama kawaida, nikamrekodi karibu saa nzima, yeye na Bi Somoe wakijibizana. Nikakaa dunguni na simu yangu nikaediti. Sauti ya Bi Somoe nikaitoa, maana ilikuwa inasikika kwa mbali na inaharibu. Upepo nikapunguza. Sehemu za Mama kupumzika nikakata. Na ile "nipooo" yake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa na sauti ya juu kuliko zote na ndege walikuwa wanaiogopa sana, nikaikopi nikaibandika kila baada ya sentensi mbili.

Kikohozi chake kimoja kilibaki katikati. Nikaona uvivu kukitoa.

Dakika kumi na mbili, inajirudia. Nikaingiza kwenye memori kadi, nikasimika mti, nikafunga spika, nikawasha.

Wakuu, ndege walikimbia! Mama akakaa dunguni kapakata mikono anajisikiliza, anacheka mpaka kanga inamvuka. Hapo ndipo nilipopiga ile video mnayoisambaza. Nikaiweka status, na kimaneno cha kujisifu juu yake. Watu wakaomba niwatumie, nikawatumia. Kwa hiyo msambazaji wa kwanza ni mimi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Bi Somoe. Alivuka kutoka shambani kwake, matope mpaka magotini, akaitazama ile spika kama anatazama nyoka.

Akaniuliza, "Sasa mie nikimwita mwenzangu, ananijibu nani?"

Nikamwambia, "Si yeye mwenyewe, Bi Somoe. Kwani hiyo sauti ya nani?"

Akasema, "Weye unamfungia mtu kwenye boksi halafu unaniambia ni yeye."

Nikamcheka. Nikamwambia, bibi, nyie watu wa zamani bwana. Mama naye akamtania kuwa ana wivu, kwa kuwa yeye hana mtoto fundi. Nikalala siku mbili, nikarudi zangu Kibiti kifua mbele. Njia nzima kwenye boti nawaonyesha watu video.

Siku ya tano. Sikilizeni vizuri hapa.

Asubuhi, kama saa tatu hivi, Mama anashuka dunguni kwenda kuokota kuni za chai. Kipago kimoja cha ngazi kikakatika. Akaanguka chini, mguu ukamkunja, nyonga ikavunjika. Hawezi kuinuka, hawezi hata kutambaa. Simu yake iko juu dunguni.

Akaanza kuita. "Somoeee! Somoe nakufa!"

Na juu ya kichwa chake, kwenye mti, mama yangu anaimba. Ana furaha. "Nipooo!"

Shamba la Bi Somoe haliko mbali. Angeweza kumsikia. Siku nyingine zote angemsikia. Ila sauti ya mtu aliyevunjika haishindani na spika. Na hata kipande kilichomfikia, kilikuwa sauti ya Mama, na sauti ya Mama ilikuwa inasikika toka alfajiri. Nani angeshtuka?

Saa nne. Saa tano. Jua.

Na ilikuwa bamvua. Mashamba ya kwetu, bahari ikijaa sana inausukuma mto, na maji ya mto yanapanda mpaka kwenye mpunga. Tunayategemea hayo maji, ndiyo yanayotulisha. Siku ile yalianza kupanda na Mama kalala chini.

Kama saa saba mimi nikampigia. Haipokelewi. Nikarudia, haipokelewi. Nikarudia tena. Nikampigia Bi Somoe.

"Shikamoo Bi Somoe. Mama yupo?"

"Marahaba mwanangu. Yupo, si namsikia anaimba."

Nikasema alhamdulillahi, nikakata simu, nikaendelea kufungua TV ya mteja.

Rudieni kusoma hapo. Bi Somoe ana haki ya kukosea. Mimi je? Mimi fundi! Mimi niliyeikata ile sauti kwa vidole vyangu, ninayejua kuwa inayoimba pale ni memori kadi, nikaambiwa mama yako anaimba na nikatulia. Nikaridhika! Nilidanganywa na kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Kila nikikumbuka hapo natamani kujizaba vibao, na nishajizaba, haisaidii.

Aliyemwokoa mama yangu ni matusi.

Simu ilipokatika, Bi Somoe akapaza sauti kumwambia mwenzake kuwa mwanao anakutafuta. Kule kukaimba tu. Akamwita "Ukooo?" Kukajibu "Nipooo!" Lakini jibu limekuja kabla hajamaliza kuita. Akaona ebo. Akamtupia tusi la wali. Hajibiwi, wimbo unaendelea. Akamtupia la pili, zito. Wimbo unaendelea. Basi akavuta pumzi akamtupia lile ambalo miaka yote ya utani wao hajawahi kuligusa, kwamba marehemu baba yangu alipokuwa hai alikuwa anapita kwake kwanza kula ndipo aende kwa Mama.

Kule kukakohoa, kukaimba, "Nipooo!"

Baadaye aliniambia hivi: "Mwenzangu hawezi kuniacha nimsemee mumewe halafu akaimba. Angekuja na panga. Nikajua pale hakuna mtu."

Akavua viatu akakata maji. Mama mtu mzima wa umri ule, anakimbia kwenye tope na maji mapajani, analia na kupiga mayowe. Akamkuta mwenzake kashika mguu wa dungu kwa mikono yote miwili, maji yako kifuani, midomo imekauka, sauti haitoki tena. Na juu yake spika inaimba.

Bi Somoe alimwinua kichwa, akamwegemeza kwenye paja lake, akaita watu mpaka wakaja. Wakamtoa kwa mtumbwi, boti, gari, mpaka hospitali. Spika hakuna aliyeikumbuka. Iliendelea kuimba peke yake mpaka chaji ikaisha, na ndege, nasikia, siku ile walikuwa wametua juu ya ile ile spika wanapumzika. Siku tano ziliwatosha kujua kuwa ile ni kelele tu. Ndege waliizoea, mimi mtaalamu nikaiamini.

Mpunga wa upande ule ndege waliumaliza. Hata sikuuliza.

Nilifika nikamkuta Mama kitandani. Nilitegemea atanitukana, na ningefurahi. Hakunitukana. Alisema kwa ile sauti iliyokwisha:

"Nilikuwa naita, mwanangu. Kila nikiita, mie mwenyewe najibu kule juu kuwa nipo salama. Nikaona basi, nani atakuja?"

Nikatoka nje. Nililia pale kwenye benchi mtu mzima na ndevu zangu, watu wanapita.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza model ya spika, umeelewa kwa nini nilikutukana kwenye ule uzi? Na mods mlionifutia komenti mkaniambia nina lugha kali, mmeelewa? Na wewe wa mlio wa simu: kila simu yako ikiita, ni mama yangu anayesema yupo wakati yuko chini kwenye maji. Ufute leo. Nakuomba kwa heshima hii mara moja, mara ya pili sitaomba.

Na kuna DJ mmoja, simtaji, kachukua ile "nipooo" kaiwekea biti, inapigwa huko vijiweni. Mwezi uliopita bodaboda kaja kibandani nimjazie memori kadi, kaniambia fundi, nataka ule wimbo wa nipo. Nilimrudishia kadi yake nikafunga kibanda. Hajui kosa lake mpaka leo, maskini.

Sisemi teknolojia ni mbaya. Ndiyo inayonilisha. Nasema kuna vitu tunaviita kelele kwa sababu hatujakaa kuvisikiliza. Ile kuitana ya kina mama haikuwa ya ndege peke yake. Kule kuna nguruwe, kuna mamba, kuna watu wazima wenye presha peke yao juu ya miti. Ile "uko" ni swali la kweli, na anayeuliza anasubiri. Usipojibu, anakuja. Hiyo ndiyo hospitali yao ya kwanza, na mimi nikaing'oa nikaweka rekodi, na nikatoa kabisa sauti ya anayeuliza eti inaharibu!

Mama yangu aliyajua haya toka siku ya mtangazaji wa habari. Tukamcheka.

Na jingine, hili ndilo linalonichoma. Mama hakuniomba spika. Aliniomba mimi. Siku kumi tu. Vijana wenzangu tuliojaa mijini, tunatuma kitu badala ya kwenda, halafu tunapiga picha ya kitu tulichotuma. Mnisamehe, ila wengi mnajijua.

Sasa hivi ninavyoandika niko Salale. Kibanda nimekifunga, wateja wenye TV zao mtanivumilia mpaka mavuno. Niko juu ya dungu, ngazi nimeitengeneza upya kwa mikoko, mtandao unakuja na kuondoka, ndiyo maana uzi huu nimeandika toka asubuhi kwa vipande. Mama yuko kijijini, anatembea kwa fimbo, dunguni hapandi tena. Jioni nikirudi ananiambia sauti yangu ameisikia mpaka nyumbani, kama mbuzi mwenye mafua. Yeye sauti yake haijarudi vizuri. Ile ya kwenye video ndiyo ya mwisho kuwa kubwa vile, na mimi nimeifuta kwangu kote. Bado nyinyi.

Bi Somoe yuko shamba la pili. Matusi yote aliyokuwa akimpa Mama kanihamishia mimi. Leo asubuhi kaimba kuwa kuna fundi mmoja anatengeneza simu za watu lakini mke hajampata, labda amtengeneze. Madungu yote yalicheka. Kujibu bado najifunza.

Haya, uwanja ni wenu. Toeni maoni, nitukaneni, nimestahili. Aliyewahi kumfanyia mzazi wake kitu kama changu na aseme, nisijione peke yangu. Maswali ya spika sijibu.

Na nikikaa kimya kwenye komenti zenu msiseme nimekimbia. Bi Somoe ananiita huko, hii ni mara ya pili. Ya tatu nikichelewa atavua viatu aingie kwenye tope kuja kunitazama, na miguu yake siku hizi inamuuma.

Ngoja nimjibu yeye kwanza.